Saa Nzima Kabla ya Kahawa

Katika nyumba ya Rabija kule Podgaj, kijiji cha mlimani juu ya mto Bosna, hakuna aliyethubutu kuianza siku bila kahawa. Theluji ifike magotini, maiti iwe imelazwa chumba cha pili, kahawa ya kwanza lazima ipikwe, iletwe kwenye sinia ya shaba na inywewe na watu wawili. Watu wa huko wanazo kahawa za kila namna: ya kumkaribisha mgeni, ya kupigia soga, hata ya kumwonyesha mlango mgeni asiyejua kwenda kwao. Lakini ile ya alfajiri, ya kufungua macho, ndiyo kahawa hasa. Hunywewa kabla ya mkate, kabla ya yai, kabla mtu hajasema neno la maana, na wala haihesabiwi kuwa chakula. Muulize yeyote kama amekula, atakuambia bado, na finjani iko mkononi mwake.

Aliyeipika alikuwa Zumreta, mke wa Enver, mwana pekee wa kiume wa Rabija. Enver alikuwa fundi wa kupaua nyumba huko Austria, akija Idi na Mwaka Mpya, akikaa siku chache, akilala sana, akiondoka. Kwa hiyo walibaki wanawake wawili na jiko moja, na mmoja wao alikuwa na ulimi ambao ungeweza kumenya viazi.

Mwaka aliotimiza thelathini na tisa, mwili wa Zumreta ulianza kumgomea. Alivaa sweta mwezi wa Julai. Nywele zilibaki kwenye kitana, uso ukamvimba, na mara mbili Rabija alimkuta amesinzia kwenye kiti, kisu mkononi na kiazi nusu kimemenywa.

"Hasnija, njoo uone!" Rabija alimwita jirani yake kwenye uzio. "Mwanangu kaoa konokono! Nikimtuma chumvi, mchuzi unapoa, tunakula, tunaosha vyombo, ndiyo chumvi inafika."

"Pole pole, Rabija, atakusikia," Hasnija alisema huku akicheka.

"Asikie. Mpaka limfike sikioni, mimi nitakuwa nimeshakufa."

Zumreta alisikia. Alisimama nyuma ya pazia na beseni la nguo, akaona hasira inaanza kupanda kisha inaishia njiani, kama kila kitu mwilini mwake siku hizo. Kulia alishindwa. Alichotaka ni kuketi.

Alichotaka zaidi ya hapo kilikuwa kimoja tu, na nyumba nzima ilikijua. Alitaka mtoto. Mimba moja ilikuwa imeshatoka, na Enver alilia kwenye simu kama mtoto mwenyewe. Ndiyo maana Zumreta alipopelekwa kwa Daktari Vildana mjini akapimwa damu, kati ya maneno yote aliyoambiwa alishika haya tu.

"Tezi yako ya shingoni imelala," daktari alisema. "Hiyo ndiyo inayotoa homoni ya kuuchangamsha mwili. Yako haitoi. Tutakupa homoni hiyo kwa kidonge, kila asubuhi, maisha yako yote. Tunaanza na cha mikrogramu hamsini, kisha tunapima na kurekebisha mpaka tupate kipimo chako. Tezi ikitengemaa, mimba nayo itakaa."

"Itakaa?"

"Kwa nini isikae? Lakini umeze tumbo likiwa tupu. Tumbo tupu kabisa."

Zumreta alirudi na kiboksi cha dawa kifuani kama amebeba yai. Kuanzia kesho yake aliamka, akameza kidonge kwa maji, akaweka kisufuria cha shaba jikoni. Kahawa ilipofura mara ya pili aliipeleka kwa Rabija, akaketi mkabala naye, wakanywa. Tumbo lake lilikuwa tupu, Mungu shahidi. Hakuwa ameonja hata punje ya mkate.

Baada ya wiki sita damu ikapimwa. Haikuwa nzuri. Daktari akapandisha dawa ikawa sabini na tano. Damu ikapimwa tena, ikawa ile ile. Akaandika mia. Zumreta aliupanda mlima wa Podgaj na dawa mpya, akisimama kila baada ya nyumba mbili kuvuta pumzi, na Rabija akimsubiri mlangoni, mikono kiunoni.

"Wamekuongezea tena? Basi kesho watakupa kwa koleo."

Alipofikishwa mia na ishirini na tano, Daktari Vildana alivua miwani. Mezani pake palikuwa na finjani yake mwenyewe, masimbi ya kahawa yamekauka kando.

"Zumreta, tuambiane ukweli. Unameza dawa?"

"Kila asubuhi, daktari."

"Tumbo tupu?"

"Tupu."

"Damu haidanganyi," daktari alisema. "Watu ndio wanaodanganya."

Hakuna tusi la Rabija lililomchoma kama hilo. Alitoka pale akishika ukuta, akijiuliza kama kweli anameza au anaota kwamba anameza, maana kichwa chake kilikuwa kizito kiasi cha kutojiamini. Akaanza kuviacha mezani vikaratasi vya vidonge vilivyotumika, ili mtu avione. Rabija aliviona. Alivifagia, akampigia Enver simu.

"Mkeo anatupa dawa chooni," alisema, na Zumreta yuko hapo hapo anakunja shuka. "Hataki kupona. Akipona atafanya kazi."

Mimba ya pili ilitoka mwezi wa Machi. Ya tatu ilitoka mwaka uliofuata, ikiwa imeshaanza kuonekana, na majirani walikuwa wameshaleta soksi za sufu. Alipotoka hospitali, Rabija alikuwa uani anawatupia kuku mahindi. Hakugeuka.

"Kuku akiacha kutaga," alisema, "mimi najua la kumfanya. Enver ndiye hajui."

Asubuhi iliyofuata aligonga ukuta kwa fimbo yake, kama kawaida, kuitaka kahawa. Zumreta aliinuka, bado anavuja damu, akameza kidonge, akaipika. Walikunywa bila kuangaliana. Rabija alimsogezea kibakuli cha haluwa, akasema kahawa imechemka sana leo, ina uchungu.

Ikapita miaka. Zumreta akazoea kuwa mzigo, na Enver akazoea kutouliza. Kisha ikawa zamu ya Rabija.

Ilianza kwa baridi. Bibi yule aliyekuwa akifagia theluji kwa kanzu nyepesi akaanza kukaa na jiko la kuni ubavuni hata mchana. Sauti ikawa nzito kama ya mwanamume mwenye mafua, uso ukavimba, ukawa kama unga ulioumuka. Zumreta ndiye aliyeutambua ugonjwa kabla ya daktari. Alimtazama mkwewe anavyohangaika kutafuta jina la paka, akasema moyoni: hii naijua.

Damu ikapimwa. Tezi imelala. Daktari Vildana akampa kidonge cha ishirini na tano, cha kuanzia kwa mtu wa umri wake, tumbo tupu.

Asubuhi ya kwanza Zumreta alileta sinia: maji na kidonge, na pembeni finjani mbili za kahawa inayotoa moshi. Rabija alikitwaa kidonge, akakimeza. Kisha kwa ukingo wa kiganja akaisukuma finjani.

"Bado," alisema. "Irudishe. Nitakuita."

Zumreta alidhani hakusikia vizuri. Tangu aingie nyumba ile hakuwa ameona mwanamke huyu anairudisha kahawa.

"Huitaki, mama?"

"Naitaka sana. Lakini mpaka saa nzima ipite. Kahawa inaiua dawa. Ukiinywa juu yake ni kama hukumeza kitu."

Zumreta aliiweka sinia chini kwanza.

"Nani kakuambia? Daktari hakusema hivyo. Mimi nilikuwepo."

"Huyo daktari anajua nini? Aldijana ndiye aliyesema." Aldijana alikuwa binti yake, muuguzi huko Linz, Austria. "Wao kule wanamwambia kila mgonjwa. Na yeye alinipigia kabisa, akaniambia, mama, mwambie Zumreta..."

Ugonjwa ulikuwa umemlegeza ulimi, ukakimbia mbele ya akili.

"Alikuambia lini?" Zumreta aliuliza.

"Nitakumbuka vipi? Zamani."

"Zamani lini, mama? Kabla ya Machi ile?"

Rabija alivuta shali yake. Alitazama jiko, akatazama dirisha, na alipojibu hakuwa na aibu. Alikuwa na kinyongo, kama mtu anayedaiwa kitu alichokula kwa haki.

"Saa nzima!" alisema. "Wewe ungesubiri huko chumbani kwako saa nzima, na mimi je? Marehemu mume wangu kanitoka, mwanangu yuko ugenini, binti yuko ugenini. Ningekunywa na nani?"

Zumreta alichukua sinia akarudi jikoni. Alimwaga kahawa ya finjani zote mbili kwenye sinki, akatazama masimbi yanavyoshuka. Watoto wawili. Wawili wale wa mwisho, pamoja na yule mwenye soksi, walikuwa wamekwenda na maji haya meusi, ili bibi mmoja asinywe kahawa peke yake. Alitaka kupiga kelele. Badala yake aliosha finjani, akazifuta, akazipanga, na saa ilipopita akapika nyingine akaipeleka.

Usimdhanie kwamba aliamua jambo siku hiyo. Siku hiyo aliamua kupona tu. Akaanza kuamka kabla ya adhana, giza bado limeushika mto, akameza kidonge chake kwa maji na kukaa jikoni akisubiri. Hakumwambia mtu. Wiki chache tu, ile dozi kubwa iliyokuwa ikiingia na kutoka bure kwa miaka ikamshika mwili mzima. Moyo ulimwenda mbio hata akiwa amelala. Mikono ilitetemeka, jasho likamtoka, sketi ikamteleza kiunoni. Daktari Vildana alipoona damu yake alishtuka.

"Hii sasa imezidi! Umefanya nini?"

"Nimeacha kunywa kahawa juu ya dawa."

Daktari alimtazama, na uso ukamwiva. "Kwani ulikuwa unakunywa? Si nilikuambia tumbo tupu?"

"Na wewe asubuhi, kabla ya kula, huwa hunywi?"

Daktari alivuta karatasi. Aliandika mia, kisha baada ya miezi sabini na tano, na hapo ndipo mwili wa Zumreta ulipotulia. Nywele zikaota. Akaupanda mlima bila kusimama. Akawa anasikia sauti ya kila kitu, kama mtu aliyezibuliwa masikio. Na siku aliyokwenda kuchukua majibu mazuri, aliuliza lile swali alilokuwa amelibeba miaka yote.

"Sasa mimba itakaa?"

Daktari Vildana alisoma karatasi nyingine.

"Dawa imekukubali, Zumreta. Tezi haina neno tena. Lakini una miaka arobaini na minne, na hizi homoni nyingine zinaonyesha kwamba mambo ya uzazi yanafunga. Nasikitika. Ungekuja hivi miaka mitatu nyuma, ningekuambia mengine."

Zumreta aliupanda mlima. Hakusimama popote. Mlangoni alimkuta Rabija ameketi juani na shali mbili, uvimbe umepungua, rangi imemrudi kidogo kwa ile dawa yake aliyokuwa akiisubiria saa nzima.

"Umefika upesi," bibi alisema. "Siku hizi una miguu."

Siku hiyo ndiyo aliyoamua.

Haikuhitaji sumu wala hila. Rabija alikuwa na desturi moja ya kizee: akishameza kidonge cha alfajiri, usingizi ulimrudia pale pale kitini, kidevu kifuani. Akizinduka hakujua kama amesinzia dakika tano au asubuhi nzima, na saa ya ukutani hakuiona tangu macho yaingie ukungu. Kwa hiyo aliuliza.

"Saa imeshapita?"

Kabla ya hapo Zumreta alikuwa akijibu, bado, mama, au, tayari, mama, kwa kadiri ilivyokuwa kweli. Kesho yake alimpa kidonge, akamngoja afumbe macho, akaweka kisufuria jikoni papo hapo. Harufu ya kahawa ndiyo iliyomwamsha.

"Saa imeshapita?"

"Imeshapita, mama. Kunywa."

Rabija alikunywa, akapiga ulimi kwa raha. Maji ya kidonge hayakuwa yamemkauka kooni.

Ikawa hivyo kila siku. Zumreta mwenyewe alishangaa ilivyo rahisi. Alikuwa mpole, na upole wake haukuwa wa kuigiza. Alimfunika miguu, alimpulizia kahawa ipoe, hakumrushia tusi hata moja kati ya yote aliyorithishwa. Alikwisha kuona kwamba matusi ni kazi ya mtu asiye na uwezo.

Baridi ilipoingia, Rabija alianza kuzama. Damu ikapimwa, haikuwa nzuri. Hamsini. Ikapimwa tena. Sabini na tano.

"Anameza kweli?" Daktari Vildana aliuliza.

"Nampa kwa mkono wangu."

"Na ile habari ya kahawa?"

"Muulize mwenyewe, daktari."

"Nasubiri," Rabija alisema kwa ile sauti yake nzito, polepole, neno moja baada ya jingine. "Saa nzima. Zumreta ananihesabia."

Aldijana naye alipiga simu kutoka Linz, akauliza vile vile, akajibiwa vile vile. Hasnija alimsifu Zumreta kwenye uzio, akasema binti wa kuzaa asingefanya hivi. Na Enver, alipokuja Mwaka Mpya akamkuta mama yake amevimba macho, hamjui paka wala hakumbuki mwezi, alimfuata mkewe jikoni akamshika mikono yote miwili.

"Mungu atakulipa," alisema. "Nakumbuka alivyokutenda."

"Unakumbuka?" Zumreta aliuliza. "Hukuwahi kusema."

Enver aliinamisha kichwa. Zumreta alimwonea huruma kidogo, kisha huruma ikamwisha, akatoa mikono yake akaendelea kukanda unga. Alfajiri aliamka kama kawaida, akaweka kisufuria jikoni.

Kabla Enver hajaondoka daktari aliwaita wote wawili. Aliwaambia mtu wa umri ule, na damu ile, baridi hii ikizidi anaweza kulala na asiamke. Wasimwache chumba kisicho na moto. Na kama dawa haimkubali mpaka mwezi ujao, atalazwa hospitali kubwa, huko watamwangalia wenyewe wanavyompa. Zumreta alisikia hilo la mwisho kuliko yote. Mwezi mmoja. Akitaka kumrudisha, njia ilikuwa nyeupe: amwache asinzie, asubiri, basi. Hakuna ambaye angejua kitu.

Januari ilipokuwa katikati, theluji ilifunga barabara ya Podgaj. Enver alikuwa ameshakwenda. Alfajiri hiyo Zumreta aliamka kabla ya adhana, akameza kidonge chake, akakaa jikoni na mikono mapajani mpaka dirisha likaanza kuwa la kijivu. Kisha akaenda kumwamsha Rabija. Ilimbidi amwite mara nyingi. Mkono wa bibi ulikuwa wa baridi kama mpini wa ndoo. Alimketisha, akamweka kidonge kwenye ulimi, akamnywesha maji, na macho yakafumba tena.

Zumreta alisimama akimtazama. Hakuona tena yule wa kwenye uzio. Aliona mwanamke anayesinzia kitini, uso umevimba, na akakumbuka kisu na kiazi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile alitamani kuacha. Alijisemea, leo nitasubiri, akaketi mkabala naye, mikono mitupu.

Kimya kile ndicho kilichomwamsha bibi. Alipapasa mezani, hakukuta kitu, akapata hofu kama mtoto.

"Zumreta? Uko wapi?"

"Niko hapa, mama."

"Afadhali." Aliupata mkono wake, akaushika kwa vidole visivyo na nguvu. Ilimchukua muda kulipata neno, na alipolipata alitabasamu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia. "Afadhali upo. Ningekunywa na nani?"

Zumreta aliutoa mkono wake taratibu, akaenda jikoni, akaweka kisufuria motoni. Kahawa ikafura mara ya kwanza, ikafura mara ya pili. Akaimimina katika finjani mbili, akaleta sinia.

"Saa imeshapita?" Rabija aliuliza.

"Imeshapita, mama. Kunywa."

Akamshikia finjani mpaka ikaisha. Kisha akainua yake, akanywa bila haraka, maana yeye saa yake ilikuwa imepita kweli.